Moja na moja, mbili

Mtoto wa jirani anakariri tebo ya saba barazani kwao, na ukuta wa hapa uani haujawahi kuzuia sauti ya mtu. Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba... anakwama, anarudi mwanzo. Jibu liko mdomoni mwangu nalimeza pamoja na chai. Nilifundishwa kunyamaza, na aliyenifundisha ni bibi mmoja wa Indiana, Marekani, aliyekuwa akifundisha Kilatini chumba cha pili kutoka changu.

Nilikuwa nikifundisha Marekani, katika shule ya dini iliyokuwa ndani ya kanisa, ya wale wanaofuata elimu ya kale, yenye Kilatini na kukariri. Waliozianzisha shule za aina ile walichota sana kwa Dorothy Sayers, Mwingereza aliyekuwa akiandika hadithi za upelelezi. Mwaka 1947 alitoa mhadhara Oxford akasema mtoto hupita hatua tatu: kwanza ni kasuku, hufurahia kukariri chochote, kisha huwa mbishi, mwisho huwa mshairi, mwenye hisia zake na lugha yake. Kwetu kumwita mtoto kasuku ni kumtukana. Kule kasuku ndiye nyota wa darasa la pili, anaimba vitenzi vya Kilatini mpaka jasho linamtoka.

Mimi nilipewa wabishi, wa miaka kumi na tatu, kumi na nne. Bibi akaniambia wiki ya kwanza: "Ukishauliza swali, tazama juu uhesabu vigae vya dari. Usilijibu wewe. Ukilijibu mara moja tu, hawatafikiri tena mpaka Juni." Sikuwahi kupata semina iliyonifaa kuliko hayo maneno, na semina nilikaa nyingi, zenye chai na zisizo na chai.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya Februari, theluji nje, mashine ya joto inakohoa. Tulikuwa tunasoma kitabu cha kwanza cha Maungamo, ambamo Mtakatifu Augustino anasimulia maisha yake, mzaliwa wa Thagaste, mji ambao leo uko Aljeria. (Kwamba ni Mwafrika niliwakumbusha kila nilipopata upenyo. Nani angeniacha nisijidai?) Anasimulia alivyokuwa mdogo akimwomba Mungu asichapwe shuleni, na jinsi wakubwa, hata wazazi wake, walivyoicheka michubuko yake. Tukafika pale anapokumbuka kukariri hesabu: moja na moja mbili, mbili na mbili nne. Anauita wimbo wa kuchukiza. Yeye alitaka hadithi ya kale ya vita, ya farasi wa mbao na mji wa Troya unaowaka.

Saa ile ile, kama kila siku saa ile, kasuku wa chumba cha pili wakaanza tebo yao kwa sauti moja, wanapiga meza.

Darasa likavunjika mbavu. Nikawaacha wacheke mpaka walipochoka, ndipo nikauliza: walimu wa Augustino walimkosea? Nikatazama juu.

Binti mmoja mwenye vyuma vya meno, ambaye nadhani alizaliwa akiwa wakili, akaanza. Fimbo ilimfikisha kwenye vitabu, vitabu vikamfikisha kwa Mungu, na mwenyewe anakiri kwamba Mungu aliyatumia makosa ya waliomlazimisha kusoma yakawa faida yake. Kwa hiyo fimbo ilizaa mema. Mvulana wa nyuma akamkata: Kigiriki je? Kigiriki alichapiwa, akakichukia, na anasema hivyo mwenyewe. Kilatini alikiokota kwa walezi waliombembeleza na kucheza naye, kikakaa. Wakawa sare, moja kwa moja. Nilikuwa nimefika kwenye kigae chenye doa la maji karibu na taa.

Kisha yule mvulana akageuka: "Mwalimu, wewe ulichapwa?"

Nikawaeleza. Darasa la nne, hesabu za kichwa kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, fimbo ya mpera, kosa moja kiboko kimoja. Nikawaeleza na habari za mwenzangu wa dawati, ambaye saba mara nane haikumkaa kabisa, na ambaye alishaanza kunyoosha mkono kabla hajaulizwa, kiganja juu, ili yaishe haraka.

"Na wewe bado unaijua?" akauliza binti.

"Hamsini na sita," nikasema, hata hajafunga mdomo. Akafungua mikono, kesi imekwisha.

"Na yule mwenzako?" akauliza mvulana.

Hakuna aliyeandika kitu. Ukutani kasuku walikuwa wamehamia tebo ya tisa. Nilijua tu kwamba aliacha kuja kabla ya likizo ndefu, na kwamba watu walisema yuko Ukerewe kwenye kambi za dagaa. Niliwaambia hivyo, sikuongeza. Nilitamani sana kuongeza. Mistari ya Biblia ya kufungia mjadala kama ule ninayo tele, na mwalimu wa shule ya dini akibanwa hukimbilia huko kabla ya kengele. Nikarudi kwenye vigae, sasa siyo kwa ajili yao. Yule mvulana alikuwa ananitazama usoni bila ubishi wowote, na ukiwazoea watoto wa umri ule utajua ni jambo la nadra kiasi gani.

Kengele ikalia. Insha ya wiki: jibuni swali lile lile. Mkuu wa shule hakupenda kipindi kiishie hewani, alitaka kila somo lifungwe kwa hitimisho ubaoni, tukavutana kidogo, yakapita. Bibi alisema tu waache na njaa, watakula nyumbani.

Nimekaa na ile hamsini na sita miaka yote hii, na imenisaidia dukani, sokoni, kwa makonda wa daladala. Sijui kama niishukuru fimbo ya mpera au nidai kwamba ningeijua hata bila hiyo, kwa kuimba na kupiga meza. Siku nyingine nasema hivi, siku nyingine vile.

Yule binti aliandika kurasa mbili na nusu akiitetea fimbo. Kigiriki alikishughulikia, Augustino alimnukuu palipostahili, na mwenzangu wa dawati akampa aya nzima, kwa heshima, akihitimisha kwamba mfano mmoja hauvunji kanuni. Nilitafuta ufa kwenye hoja yake jioni nzima, nikampa alama za juu, na pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Kanuni hii umeitoa wapi?" Akanijibu chini yake, kwa penseli: "Kwako, Mwalimu. Hamsini na sita."