Kuzunguka mlima ambao hukupewa

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, mnisamehe, manake mpaka juzi nilikua nashuka ngazi kinyumenyume kama mtoto anayejifunza kutembea, magoti yamekataa kabisa. Wengi mnajua tulikua Mlima Kenya, watu watano pamoja na gaidi wetu (huyu ni wa kuonyesha njia, sio yule mwingine), tukimbie ile njia inayozunguka vilele, siku moja, kutoka kambi ya Shipton's mpaka kambi ya Shipton's.

Somo ni Kumbukumbu la Torati 2:1-7. Soma kwanza, alafu urudi.

Mstari wa 3 kila mtu anaujua. Nimeusikia kila kesha la mwaka mpya tangu niokoke, Mungu anawaambia Israeli mmeuzunguka mlima huu vya kutosha, geukeni kaskazini, na mhubiri anakwambia mlima ni deni, mlima ni ndoa iliyochelewa, mlima ni bosi wako, na usiku wa leo umetoka kwenye mzunguko, mwambie jirani yako! Na mimi nimemwambia jirani yangu miaka mingi sana. Ila sijawahi kusikia mhubiri akifika mstari wa 5.

Sasa niwaambie vile ilikua. Tuliingia na geti la Sirimon, tukalala kambi ya Old Moses, kesho yake tukalala Shipton's kwenye mita kama 4,200, na asubuhi saa kumi na moja tukaanza na taa za kichwani kupanda Hausburg Col, ule mwanya wa kuvukia kati ya vilele, ambayo iko mita karibu 4,600. Niseme ukweli kuhusu neno "kukimbia". Huko hakuna anayekimbia kupanda, labda wale wenyewe. Unatembea mikono ikiwa magotini, unahesabu hatua ishirini unasimama, hewa ni kama nusu tu na kidogo ya ile ya Mombasa, na kichwa kinagonga. Kukimbia ni kwa kushuka, kwenye kokoto zinazoteleza, kila hatua inakuvuta hatua mbili chini na viatu vinajaa mawe. Mikono yangu ilikufa ganzi mpaka nikashindwa kufungua zipu ya mfuko nitoe njugu, ikabidi nifunguliwe kama mtoto wa nasari.

Jua lilitukuta upande wa pili, na saa tulipofika Two Tarn ukungu ukapanda ukaisha. Wapendwa. Lile ziwa dogo limeganda pembeni, barafu nyembamba kama kioo cha dirisha, na juu yake Batian na Nelion, vile vilele viwili virefu kabisa, zimesimama karibu mpaka unadhani utazigusa, katikati yake ule mwanya wanaouita Lango la Ukungu. Batian ni mita 5,199. Imepewa jina la Mbatian, laibon (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai, na kile kilele cha tatu, Lenana, ni jina la mtoto wake.

Kijana mmoja wa kwaya akasimama pale akauliza, "Kwani hatupandi?"

Gaidi akacheka. Akamwambia Batian ni ya kamba, ukiitaka uje na kamba na mtu anayezijua kamba, leo kazi yako ni kuzunguka. Kijana akanuna. "Kwa hivo tunateseka hivi alafu tunarudi kwa hema lile lile?"

Nilicheka na wengine lakini moyoni nilijua ameniuliza mimi. Manake mimi ndiye niliweka status kwamba naenda KUSHINDA mlima, na mkanijibu amina nyingi.

Haya, mstari wa 5. Wamegeuka kaskazini, wanapita mpakani kwa wana wa Esau, na Mungu anawaambia msigombane nao, kwa sababu katika nchi yao sitawapa hata pa kukanyaga wayo wa mguu, mlima Seiri nimempa Esau uwe milki yake. Esau! Yule aliyeuza uzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu, yule tunayemtumia kila siku kama mfano wa mtu aliyekosa akili. Ana mlima, na hati ameandikiwa na Mungu mwenyewe. Na wana wa Yakobo, wenye ahadi, mstari wa 6 wanaambiwa chakula mtanunua kwa fedha, na hata maji mtanunua.

Kwa hivo ule mlima waliouzunguka siku nyingi haukua wao hata siku moja. Hawakushindwa kuuteka. Hawakua wamepewa.

Mimi hapa iliniuma kidogo, acha niseme. Kuna nafasi fulani kazini niliifungia siku 21, nikaizunguka kama Yeriko, nikaitaja kwa jina kwenye maombi ya alfajiri na nyinyi mkashika pamoja nami. Akapewa mtu ambaye mimi ndiye nilimfundisha kazi. Miaka miwili nimekua nikisema adui amekalia kiti changu. Sasa nasoma hapa kwamba kuna viti ambavyo aliyevigawa ni Mungu, na amempa ndugu yako, hata yule ndugu ambaye wewe ukimwangalia unaona hastahili, na wewe unaambiwa pita hapo pembeni polepole na ulipie maji yako. Sio kila mlima ni Yeriko. Yeriko walipewa, Seiri hawakupewa, na kutoka mbali yote miwili ni mawe tu.

Najua kuna mtu ataniandikia inbox kwamba kule kuzunguka kulikua adhabu. Ni kweli, mstari wa 14 unasema miaka 38 ilipita mpaka kizazi kile chote kikaisha, sitaki kuipaka sukari. Lakini soma mstari wa 7. Miaka hii arobaini Bwana Mungu wako amekua pamoja nawe, hukukosa kitu. Hiyo ni hesabu ya miaka ya kuzunguka, hawajavuka Yordani bado.

Turudi mlimani. Kutoka Two Tarn tulishuka bonde la Teleki, pale kambi ya Mackinder's tukakaa kula, na mapimbi wakatuzunguka, wanono, hawana haya kabisa, mmoja akaja mpaka kwa goti langu akachukua kipande cha chapati akakimbia nacho kwenye mwamba. Hawa ndio wibari wa Mithali 30, watu dhaifu lakini hujifanyizia nyumba kwenye miamba. Miaka yote nimehubiri wibari bila kujua ni mnyama ambaye anaweza kukuibia lanchi.

Alafu ikaja ile kokoto ya kupanda Austrian Hut, kibanda cha wapanda mlima, karibu mita mia sita za kwenda juu, hapo sina maneno. Dada mmoja wetu alilia, halii kwa uchungu, machozi yanatoka tu. Tukakaa naye mpaka akasema twende. Barafu ya Lewis iko hapo chini ya Lenana, au niseme kilichobaki chake, kijivu na kidogo, wazee wa Nanyuki wanaikumbuka tofauti.

Na baada ya hapo sasa ndio upande ambao sijawahi kuuona maishani. Mi nimezaliwa Nanyuki, mlima nimeuona kila asubuhi ambayo hakuna mawingu, nilikua nadhani naujua. Kule nyuma ni mlima mwingine! Bonde la Gorges linafunguka chini huko wanakopandia watu wa njia ya Chogoria, vilele vimegeuka sura, pembe niliyoizoea haipo, nikauliza gaidi ile Batian yetu imeenda wapi, akanionyesha na kidole. Nimesimama hapo kitambo mpaka wenzangu wakaniita, tukavuka Simba Col, tukateremka Shipton's jua likizama. Hema lile lile.

Kumbukumbu 8:4 inasema miaka arobaini mguu wako haukuvimba. Wangu ulivimba siku moja tu, kiatu cha kulia kilitoka kwa kuvutwa na watu wawili, kucha mbili nimeziacha huko.

Jumapili nikapita kwa mama. Ameuangalia huo mlima kutoka mlango wa jikoni miaka yote ya ndoa yake, na bado akiomba anageuka upande huo, hiyo ni ya bibi yake hajaiacha. Akaniuliza nilifika juu? Nikamwambia la, tulizunguka tu. Akageuza chapati.

"Na huko nyuma kukoje?"

Hakuna mwingine aliyeniuliza hilo. Nikavuta stuli, nikatumbukiza miguu kwenye karai la maji ya chumvi, nikaanza kumwambia.