Watafika na kiu

Leo tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Baada ya misa, mama mmoja Mmexico ninayefanya naye kazi hapa Chicago akanikaribisha kwake, mtaa wa Pilsen.

Sebuleni kawaandalia meza wazee wake waliotangulia. Picha, mishumaa, maua ya cempasúchil yenye rangi ya chungwa, mkate wa marehemu ulionyunyiziwa sukari. Kwa mila yao, siku hizi marehemu hurudi kuwatembelea: jana ilikuwa zamu ya watoto waliofariki, leo ni ya watu wazima.

Kilichonishika ni glasi ya maji. Imejaa hadi ukingoni, pembeni kisahani cha chumvi.

Nikamuuliza ya nini.

"Wametoka mbali, mwanangu. Watafika na kiu."

Nilikosa la kusema. Nikamkumbuka marehemu bibi kule Kibosho, Kilimanjaro, akimwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo chini kabla hajainywa, pale penye kaburi la babu, kati ya migomba, mimea ya masale imestawi.

Juzi, usiku wa Halloween, mtaa wangu wote ulijaa mafuvu ya plastiki ya kutishia watu. Kwa huyu mama mafuvu yapo pia, ya sukari, lakini yanatabasamu. Wakorea nao, msimu wa Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, hufyeka nyasi makaburini na kuwaandalia wahenga chakula. Hao ndio naona tunafanana nao hasa.

Ameniambia mwakani nilete picha ya bibi. Nitaileta, na mbege nitaitafuta popote ilipo!

Ndugu zangu wa Bukoba, Machakos, Bukavu, kwenu mnawakumbukaje? Mnawapelekea nini?