Kivuli kwanza, rangi baadaye: maegesho yanapogeuzwa uwanja wa watu Kisumu

Nafasi moja ya kuegesha gari ni takriban mita 2.5 kwa 5. Unganisha nne zilizopangwa ubavu kwa ubavu na una mita 50 za mraba, eneo la kutosha mabenchi, meza za ajua (mchezo wa bao) na pembe ya watoto.

Kabla ya kumwandikia meneja wa jiji kuomba nafasi hizo, shinda pale siku mbili na daftari. Kila saa andika magari yaliyopo na yamekaa muda gani. Kwenye mitaa ya maduka, mara nyingi yanayokaa kutwa ni ya wenye maduka na wafanyakazi wao. Rekodi hiyo itamjibu anayehofia kupoteza wateja. Ambatisha mchoro unaoonyesha mtaro na vifuniko vya maji taka, maana lazima vifikiwe.

Wengi huanza na rangi. Haifai! Lami ya Kisumu saa saba mchana haikaliki, hata ikipakwa maua. Anza na kivuli: wavu wa kivuli unaozuia asilimia 80 ya mwanga, vipande viwili vya mita 4 kwa 4 badala ya kimoja kikubwa, juu ya mabomba ya chuma ya inchi 2. Usitumie turubai. Hujaa maji na kubeba upepo hadi nguzo zianguke. Simamisha kila bomba ndani ya tairi kuukuu la gari dogo, ujaze zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutosha matairi matatu hivi, na kila moja hufika kama kilo 120. Mtu mmoja akiweza kulitikisa, ongeza uzito. Funga wavu kwa ndoano, ili wingu la jioni likijikusanya ushushwe haraka.

Kwa mimea, pipa la lita 200 likatwe katikati, litobolewe matundu sita chini, liwekwe kokoto sentimita 5 kisha udongo, na liinuliwe juu ya matofali. Bila matundu mizizi huoza na mbu huzaliana. Mti wa pipa hautatoa kivuli cha maana. Mwarobaini wa kudumu unataka lami ivunjwe na shimo la angalau mita moja kila upande, hasa penye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi.

Acha sentimita 30 kando ya mtaro. Ukiuziba, mvua moja itaingia madukani na mradi utakufa siku hiyo.

Rangi ije mwisho, tena ya barabarani, kwa kuwa ya ukutani huambuka. Penye mafuta ya injini mwaga unga wa mbao, fagia, sugua kwa sabuni, na uache pakauke kwanza.

Lango liwe sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Bodaboda nazo zitapita hapo, kwa hiyo kaeni na viongozi wa steji mapema na muwachoree nafasi yao jirani, yenye kivuli pia.