Nguzo hufia shingoni

Wiki iliyopita nilisukuma kwa bega nguzo moja ya kibanda cha kutambazia mapesheni hapa nyumbani Walukuba, Jinja, ikakatika usawa wa ardhi. Juu ilikuwa nzima kabisa. Lakini shingoni, pale inapoingia udongoni, mti ulikuwa umegeuka unga mweusi, na mchwa wamejenga humo. Ulikuwa mkaratusi mbichi, tuliuchimbia mwaka 2021 bila dawa yoyote. Hapo shingoni unyevu na hewa hukutana, na kuvu wa kuozesha wanahitaji vyote viwili.

Safari hii nikaenda mwenyewe Ndeeba, Kampala, kwenye maduka ya mbao. Muuzaji akanitolea mvule, inchi nne kwa nne. Nikamwomba, “Ssebo, nigeuzie kichwa cha mbao, pale ilipokatwa, nikione.” Watu wengi hutazama ubavu uliopigwa randa wakaridhika, na ubavu haukwambii kitu. Kichwani nikaona kona nzima ina weupe wa maziwa, upana wa vidole viwili. Ile ni sehemu ya nje ya mti, na mchwa wanaila hata kama mti ni mvule. Kiini chenye manjano ya kuelekea kahawia ndicho wanachokishindwa. Ndani ya kiini hicho kulikuwa na kijiwe cheupe kigumu. Mvule hujiwekea chokaa, na mafundi wanajua inavyoua meno ya msumeno.

Sikuununua. Mvule hukua kwa miongo mingi, na kuukata ubebe mapesheni kwangu ni israfu. Nikachukua nguzo nne za mkaratusi zilizotiwa dawa kwa shinikizo, zile za rangi ya kijani kama za umeme.

Fundi alitaka kuzisawazisha kwa kukata chini. Nikakataa katakata: dawa huingia sehemu ya nje tu, ukikata mguu umeufungulia mchwa mlango. Tulikata juu, tukapaka dawa palipokatwa. Shimoni tukaweka kokoto, na zege tukaliinua juu ya udongo kwa mteremko, mvua za Machi zisituame shingoni.

Jirani akaja kuomba vipande vilivyobaki apikie. Nilimwambia, “Mama, hizi usizitie jikoni, dawa yake ina aseniki, moshi na majivu yake ni sumu.” Nikampa ule mkaratusi wa zamani, sehemu ya juu, umekauka vizuri.