Jirani wa Ng'ambo ya Ziwa

Dada yangu si mtu wa kulala nje. Kwa hiyo aliponipigia simu kusema twende tukapige kambi, nilijua ana lake jambo. Alikuwa amepata hifadhi ndogo yenye ziwa katikati ya msitu wa misonobari, watu wachache, hakuna muziki wala jenereta. "Huko tutaongea vizuri," alisema. Sikumuuliza tutaongea nini. Tangu baba afariki, maongezi yetu yote yaliishia pale pale: mama akae kwa nani.

Tulifika alasiri. Askari wa hifadhi, mzee mpole, alitupeleka hadi kwenye ubao wa masharti. Moto ndani ya pete za chuma tu. Chakula kisilale ndani ya hema. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni muda wa utulivu. Halafu akaongeza la kwake ambalo halikuandikwa: "Kabla hamjasimamisha hema, tazameni juu." Matawi ya chini ya msonobari yakikosa mwanga hufa, lakini hayaanguki siku hiyo hiyo. Hubaki yamening'inia mpaka upepo mmoja wa kawaida tu uje kuyashusha. Basi dada akatembea na uso mbinguni mpaka tulipofika, huku anajikwaa kwenye mizizi na kuilaumu.

Yeye alitaka tulale kando ya maji kabisa, kwa ajili ya mandhari. Nilikataa. Usiku hewa ya baridi huwa nzito, huteremka na kutuama mabondeni na ufukweni; ukipanda hatua chache tu mteremkoni unalala na ahueni. Tulibishana kidogo, akaenda kuchovya mguu ziwani, akautoa mbio. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma. Hakubisha tena.

Mahali tulipopachagua palikuwa pamefunikwa na sindano za misonobari, laini chini ya kiatu kiasi kwamba dada alivua viatu na kuanza kutembea peku. Vigingi vya hema, hata hivyo, havikuupenda ulaini huo. Cha kwanza kilizama kama kisu kwenye keki, na kwa urahisi huo huo kikang'oka. Nikapiga magoti nikafukua kwa vidole. Juu kulikuwa na sindano kavu za kahawia, nyingine zikiwa bado zimeshikana tatu tatu kwenye kikonyo chao. Chini yake zilikuwa nyeusi, zenye unyevu, zimefumwa kwa nyuzi nyeupe za kuvu. Chini zaidi ndipo nikaupata udongo wenyewe. Sindano hizo zina nta na tindikali, zinaoza taratibu mno, kwa hiyo za mwaka huu zinazilalia za mwaka jana, na za mwaka jana zinazilalia za kabla yake. Nilipigilia vigingi kwa mshazari mpaka kila kimoja kikagota kwenye kitu kigumu.

Ukimya wa mahali pale ulitokana na godoro hilo hilo. Linameza sauti. Chini ya miti hiyo yenye kivuli hakuoti vichaka vingi, na pasipo vichaka ndege nao huwa haba. Kinachosikika ni mvumo wa juu tu, upepo unapopita kwenye mamilioni ya sindano nyembamba, kila moja ikiukata kivyake. Hatua kama hamsini kutoka kwetu kulikuwa na familia nyingine. Nilimwona mtoto wao amepanua kinywa, analia kwa nguvu zake zote, na kilichotufikia kilikuwa kama mtoto wa redioni kwenye nyumba ya jirani.

"Hapa," dada alisema kwa kuridhika, "unaweza ukamwaga siri za ukoo mzima."

Moto ulitupa kazi. Tulisafisha sindano zote kuizunguka ile pete, kwa sababu cheche moja ikiingia kwenye lile tabaka la chini hufukuta humo bila moshi wa kutisha, ikaja kuibukia kwingine. Na cheche hazikukosekana: utomvu ulio ndani ya kuni za msonobari ukipata moto huchemka na kupasua. Sufuria ikawa nyeusi ti kwa masizi. Dada naye aliegemea gome bila kuangalia, akainuka na utomvu viganjani, akasugua kwa sabuni mpaka akakata tamaa. Nikammiminia mafuta ya kupikia. Utomvu hausikii maji, lakini mafuta huulainisha mara moja. Akanitazama kana kwamba nimefanya kiini macho, nami sikufanya haraka kumweleza.

Giza lilipoingia upepo ukafa kabisa. Tukazima moto, tukateremka na viti vyetu hadi ufukweni, na hapo ndipo alipoanza.

Alitaka mama ahamie kwake. Alikuwa ameshapanga chumba na pazia. Mimi nikasema mama hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo kuwasha jiko tu lazima uombe ruhusa. Akasema ningekuwa na busara nisingesema hivyo. Nikasema angekuwa anasikiliza nisingelazimika kusema. Hatukupaza sauti, sisi tumelelewa kugombana kwa upole. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, pamoja na mambo ya zamani ambayo hayakuhusu chumba wala pazia, mpaka mtu akakohoa.

Alikohoa karibu yetu kabisa. Niliwasha tochi nikamulika nyuma, kulia, kushoto. Hakuna mtu. Kisha tukasikia zipu ya hema ikifunguliwa, na sauti ya mwanamke ikiuliza soksi zimewekwa wapi. Ng'ambo ya ziwa, mbali, kitaa kidogo kilikuwa kinatembea.

Siku hizi nalielewa jambo lile. Kwenye jioni iliyotulia, hewa iliyolala juu ya maji ya baridi hupoa kuliko ile iliyo juu yake. Sauti inayopanda hukutana na hewa yenye joto zaidi, ikapindishwa na kurudishwa chini, nayo maji tambarare hayaimezi kama sindano za msitu, huitupa mbele. Kwa hiyo jirani wa hatua hamsini msituni hakusikii, wa ng'ambo anakusikia unavyovuta pumzi. Usiku ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba jasho limenitoka.

Dada alinong'ona, "Kama sisi tunawasikia..."

"Tunawasikia," ikajibu sauti ya mzee kutoka gizani, bila kupaza. "Tangu habari ya pazia."

Ilikuwa kimya kidogo. Halafu dada yangu, ambaye adabu haimwishi hata akiumbuka, akalielekea lile giza na kusema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu gani?" akadakia mwanamke. "Mimi nipo upande wa huyo mdogo. Jiko ni jambo kubwa."

Nilijisikia mshindi kwa muda mfupi sana, maana mzee alikohoa tena, akauliza, "Mama yenu mwenyewe anasemaje?"

Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake ajibu. Dada alifungua mdomo, akaufunga. Tulikuwa tumemzungumzia mama miezi na miezi, tukimgawa na kumrudisha, na kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwanga wa tochi ulikuja kutoka njiani kabla hatujapata la kusema. Alikuwa yule askari wa hifadhi, amevaa koti zito, anakumbusha kwamba saa 4 imeshapita. Dada akaomba radhi. Mzee wa ng'ambo naye akaomba radhi, na askari akaitikia kuelekea majini kwa mazoea, bila kushangaa, kama mtu aliyezoea kuamua kesi za pande mbili za ziwa. Alipogeuka kuondoka akasimama. "Na mimi ningemuuliza mama," alisema. "Lakini asubuhi. Sasa laleni."

Asubuhi hema lilikuwa limelowa kwa ndani, jasho la pumzi zetu, tukalikung'uta na kulikunja likiwa bichi. Simu zilishika mtandao tulipofika getini. Dada ndiye aliyempigia mama, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

Mama hakutaka kwenda kwake. Hakutaka kuja kwangu pia, tena alilisema hilo upesi kidogo kuliko nilivyotarajia. Alitaka paa la jikoni kwake litengenezwe, kwa sababu linavuja pale pale anapowekea kuni, na alikuwa ameshatuambia.

Tulichangia gharama za fundi. Dada alitoa sehemu kubwa kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwa kuwa nilimkumbusha.