Nyumba ya Shela ilibukiwa mara mbili, nimepata dawa

Jamani leo nimepumua, naandika upesi asije mwengine akateseka. Tuna nyumba ya kupangisha wageni hapa Shela, Lamu, nikaitengenezea tovuti watu wabuku moja kwa moja, huku bado tuko kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kubuku. Shida, tarehe zilizouzwa kule, kwenye tovuti yangu zaonekana bado ziko wazi. Wiki ya Maulidi, Lamu imejaa tele, zikashuka jetini familia mbili za usiku uleule, jirani ndio akatusitiri.

Nikafuta plagini, ile programu ndogo ya kubuku ndani ya tovuti yangu, nikaiweka upya, wapi. Nikabadilisha saa za tovuti ziwe za Nairobi, wapi. Nikawa naziba tarehe kwa mkono, nikasahau moja.

Kumbe linki ya kuunganisha kalenda mbili! Nilikopi anwani ya ukurasa wa nyumba yetu kule kwenye mtandao mkubwa, ile ya juu kwenye brauza, na tovuti ikaipokea bila kulalamika, kumbe inayotakiwa ni linki ya kalenda yenyewe, ile yenye .ics, iko ndani ya mipangilio ya kalenda kulekule. Nikaibandika kwangu, halafu, na hapa msipapite, nikachukua .ics ya tovuti yangu nikaipeleka kule, maana linki moja hubeba upande mmoja tu. Nikafunga usiku mmoja wa majaribio kila upande nikangoja, hazisomani papo hapo, huchukua masaa. Jioni zote mbili zimefunga sawasawa.

Kwa hayo masaa ya katikati nimezima kubuku kwa papo hapo kote kuwili, mgeni aomba kwanza, natazama kalenda zote, ndio namkubalia.