Kichwa cha Taa Mfukoni: Safari ya Krosno

Afisa wa usalama uwanjani alikitoa kile kipande cha shaba kwenye begi langu, akakigeuza huku na huku, kisha akakinusa. Moyo ukanipiga paa. Kitu kilichowahi kubeba mafuta hakipandi ndege kikiwa bado na mabaki au harufu, na kichwa cha taa ya mafuta, yaani sehemu inayoshika utambi na kioo, kikishalowa mafuta kwa miaka nenda miaka rudi hakisahau upesi. Bahati yangu, nilikuwa nimekichemsha mara tatu kwenye maji ya magadi, nikakisugua kwa mswaki na kukianika siku mbili.

"Hiki nini?"

"Kichwa cha taa. Nakipeleka kutafuta wenzake."

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akanirudishia.

Taa yenyewe niliiacha nyumbani. Ilinifikia ikiwa nyeusi tii, tungi lake la kioo la kuwekea mafuta likicheza ndani ya pete ya shaba kwa sababu plasta iliyolishika ilikuwa imegeuka unga. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi: unakwangua plasta ya zamani, unakoroga mpya, unanyoosha pete kabla haijakauka, unaliacha tungi usiku kucha. Sumaku haikunasa popote, kwa hiyo nilijua ni shaba kweli, si chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Na hakuna aliyekuwa ameitoboa kupitisha waya wa umeme. Taa nyingi za zamani zimefanyiwa unyama huo, na tungi likishatobolewa halishiki tena mafuta.

Tatizo lilikuwa moshi. Nikiwasha na kuuacha utambi chini, taa ilitulia. Nikiupandisha kufika nusu, ulimi wa moto ulirefuka, ukawa wa manjano iliyochafuka, kisha masizi yakapanda hadi darini. Nililaumu mafuta, nikabadilisha. Nililaumu utambi, nikanunua mpya, nikauloweka vizuri kabla ya kuuwasha, nikaukata ncha kwa wembe mpaka ukawa sawa kama ukingo wa meza. Masizi yaleyale. Kwenye kitufe cha kupandishia utambi herufi zilikuwa zimefutika. Nilichoweza kusoma ni namba 14 tu. Hiyo ni saizi kwa kipimo cha "mstari", kipimo cha kale cha Kifaransa kinachozidi milimita 2 kidogo, ambacho watu wa taa hawajakiacha mpaka leo.

Ndipo nikaamua kwenda Krosno, mji ulio kusini-mashariki mwa Poland, ambako jumba la makumbusho la mkoa lina moja ya hazina kubwa kabisa za taa za mafuta barani Ulaya. Ndugu zangu walicheka. Kusafiri na kipande cha shaba mfukoni kutafuta jamaa zake!

Kutoka Kraków nilipanda basi. Vilima vilianza kujikunja taratibu, misitu ikasogea barabarani. Si kwa bahati kwamba taa hizo zimekusanywa upande huu. Huko Lviv, mji ambao leo uko Ukraine, mfamasia Ignacy Łukasiewicz, akiwa na mwenzake Jan Zeh, alisafisha mafuta yanayochimbwa ardhini mpaka akapata mafuta safi ya kuwasha, na fundi bati aitwaye Adam Bratkowski akaunda taa ya kuyatumia. Usiku wa tarehe 31 Julai 1853 hospitali ya Lviv iliwasha taa hizo ili madaktari wampasue mgonjwa ambaye asingefika asubuhi. Mara nyingi sifa zote huenda kwa mfamasia. Mimi humkumbuka zaidi yule fundi bati, kwa kuwa mafuta bila kichwa kizuri ni moshi mtupu, na hilo nilikuwa na ushahidi wake darini kwangu.

Jumba la makumbusho limo katika kasri la zamani la maaskofu. Nilipita kwenye vyumba vingine upesi, Mungu anisamehe. Nilipofika kwenye taa nilisimama tu. Zilikuwa za kusimama mezani, za kuning'inia, za ukutani. Za kaure yenye maua, za kioo cha rangi, na nyingine za bati tupu zisizojipendekeza kwa mtu. Nilikuwa nimejiandaa kutazama vichwa, kwa hiyo nilichutama na kuchungulia kutoka chini kama mtu aliyeangusha sarafu. Mama mmoja mlinzi wa ukumbi akaanza kunifuata. Nilikitoa kichwa changu mfukoni, nikamwonyesha, nikamwambia kwa Kipolandi changu cha maneno mawili: "Lampa naftowa," yaani taa ya mafuta. Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono wa shati, akanivuta hadi kwenye kabati la pembeni, akagonga hewa kwa kidole mbele ya kioo.

Mwenye macho haambiwi tazama. Kichwa kilikuwa kilekile: utambi bapa unaoingia kwa chini, unakunjwa humo ndani mpaka kingo zake zinakutana, ukitokeza juu umekuwa duara, na tundu la ubavuni la kuingiza hewa katikati ya duara hilo. Fikra ya kuupa moto hewa ndani na nje ni ya Mswisi Aimé Argand, miaka ya 1780. Aina hii ya utambi uliokunjwa, iitwayo Kosmos, ilitoka Berlin miaka ya 1860. Hayo niliyajua. Nisilolijua lilikuwa juu yake. Kioo cha taa ile kilikuwa na kiuno. Kilipanda kipana kutoka kwenye kichwa, kikabanwa ghafla juu kidogo ya mdomo wa utambi, kisha kikaendelea chembamba na kirefu.

Changu kilinyooka kama bomba.

Yule mama aliubana mkono mmoja kuwa shingo, vidole vya mkono wa pili akavipitisha humo vikitikisika kama ndimi za moto. Sijawahi kufundishwa fizikia vizuri namna ile. Kiuno kinaisukuma hewa ya nje iuvamie moto palepale, iuchanganye, uungue wote. Kikikaa juu mno au chini mno, moto hukosa hewa na kutema masizi. Nilikuwa nimehangaika miezi na utambi na mafuta, kumbe kosa lilikuwa kwenye kitu nilichokidhani ni cha kuzuia upepo tu.

Siku ya pili nilichukua teksi hadi Bóbrka, si mbali na Krosno, kwenye machimbo yaliyoanzishwa mwaka 1854 na Łukasiewicz na wenzake. Ni msituni, na pua hufika kabla ya macho. Kuna kisima kiitwacho Franek kilichochimbwa kwa mikono mwaka 1860. Nikachungulia: giza, kioevu cheusi, na viputo vinavyopanda polepole na kupasuka. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mtu aliteremka humo na sururu ili mwingine asome usiku.

Jumapili nilirudi Kraków na kwenda kwenye soko la vitu vikuukuu la Hala Targowa. Wauzaji wa vioo vya taa walikuwepo wawili. Wa kwanza alinipa chenye tumbo la duara kama kitunguu. Hicho ni cha vichwa vyenye kisahani cha kutandaza moto katikati, changu hakina. Wa pili alikichukua kichwa changu bila neno, akakijaribishia vioo vinne kimoja baada ya kingine, akisikiliza zaidi kuliko kutazama. Cha tano kiliingia kwa mlio mdogo, tik. Kiuno kilikaa juu ya mdomo wa utambi kwa upana wa kidole. Nilikivalisha soksi tatu na kukisafirisha mapajani.

Nyumbani sikungoja hata kufungua begi. Niliwasha, nikauacha utambi chini dakika kadhaa ili kioo kipate joto taratibu, maana kioo kilichopozwa na safari ni chepesi kupasuka. Nikapandisha hadi robo. Nusu. Moto ulijikusanya kiunoni, ukasimama mweupe, bila kutetemeka, na chumba kikajaa mpaka pembeni. Nilinyanyua macho kutazama dari. Doa la zamani lipo palepale. Sijalipaka rangi.